Theluji ya Kibo na Mvua ya Shambani



Idara ya Hali ya Hewa hutangaza hali ya hewa ya siku chache zijazo kwa kila upande wa Kenya. Sikiliza habari za upande wako. Illasit imo Kajiado, na Kajiado huhesabiwa pamoja na Machakos, Makueni na Kitui katika nchi za chini za kusini-mashariki. Mvua ya Kisumu si yako.

Pima na maneno yenyewe. Mvua ya “mahali pachache” ni chini ya theluthi moja ya eneo. Ya “mahali pengi” ni zaidi ya theluthi mbili.

Wala usipande kwa kuona theluji mpya juu ya Kibo. Kilele kina mita 5,895, na kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Mawingu yaweza kuangusha theluji kileleni na mvua msituni, shamba lako likabaki kavu.

Kwa hiyo chimba kwanza. Udongo ukiwa umelowa hadi kina cha jembe, na habari zikisema mvua itaendelea mahali pengi, panda siku hiyo hiyo. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, hazingoji mtu. Na mbegu ikikauka ardhini, hasara ni yako.