Fahamu: Yungiyungi, ua liwezalo kumuua paka

Ni ua gani?

Yungiyungi linalokusudiwa hapa ni lile ua refu la jamii ya Lilium, jeupe au la rangi ya machungwa, liuzwalo katika mashada ya harusi na Pasaka, ambalo, pamoja na lile la jamii ya Hemerocallis, huharibu figo za paka, ilhali mbwa alilaye aghalabu huishia kuumwa tumbo tu.

Humdhuruje?

Si jani na ua pekee: chavua ya kahawia imdondokeayo manyoyani, naye akailamba ajisafishapo, na hata maji ya chombo yaliyokaliwa na mashina, vyatosha kumwangamiza. Baada ya saa chache hutapika, hukataa chakula na kuzubaa. Kisha huenda akaonekana kapata nafuu, nayo ni nafuu ya hadaa, kwani kati ya saa 24 na 72 figo zaweza kukoma kabisa kufanya kazi.

Na mimea mingine?

Difenbakia, yenye majani mapana ya madoa, humchoma kinywa, lakini ni nadra kumuua. Wa kuhofiwa zaidi ni saikasi, jamaa wa mtapo wa pwani, ambao mbegu zake huharibu ini.

Afanyeje mwenye paka?

Ampeleke kwa daktari wa mifugo papo hapo, asingoje dalili, naye achukue kipande cha mmea. Kutiwa maji mishipani hufaa zaidi kukianza kabla ya saa 18 kupita. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, hayaiondoi sumu hii.