Ukoo Unaohesabiwa kwa Ng'ombe

Mwingereza wa shamba anayetaka kujua babu zake walilima wapi ana bahati mbili. Ya kwanza ni Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliyeagiza mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. (Mwenyewe alikatwa kichwa miaka miwili baadaye, madaftari yakaendelea.) Ya pili ni jina la ukoo, linaloshuka toka baba hadi mwana karne kwa karne.

Msukuma wa Magu, kaskazini mwa Tanzania, hana hata moja. Kitambulisho chake kina jina lake, la baba na la babu, basi. Masanja Mabula Shija akizaa, mtoto ataitwa Kulwa Masanja Mabula, na Shija keshadondoka. Tena Shija aliitwa hivyo kwa kuwa aliwafuata pacha, na Mabula kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua. Anayesaka ukoo wa kina Mabula anasaka masika ya Usukuma mzima.

Ndiyo maana wazee hawaanzii kwenye jina, wanaanzia kwenye ng'ombe. Katika desturi za Wasukuma alizoziandika mtafiti Hans Cory mwaka 1953, mahari ikitolewa mtoto ni wa kwa baba. Isipotolewa ni wa kwa mama, mpaka baba amkomboe kwa ng'ombe. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa atakutajia mahari ya dada yake, ng'ombe mmoja mmoja: yule mwekundu, yule wa mabaka, na ndama aliyefia njiani ambaye hadi leo anadaiwa. Ng'ombe hao hao ndio kaka mtu alioolea, kwa hiyo ukiwafuata unapata koo mbili kwa mpigo.

Maandishi yapo, lakini ni ya wachache. Mapadre walifika Bukumbi, huko huko Usukumani, mwaka 1883, na kabla ya hapo hapana daftari la ubatizo. Nasaba ndefu ni za watemi, yaani machifu, na humo mna mtego: kwa vizazi vingi utemi ulirithiwa na mtoto wa dada. Anayeisoma orodha ya watemi kama ya baba na mwana atakuwa amejipatia wajomba wengi na baba wachache.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kaya zikahamishiwa vijiji vya pamoja, makaburi yakabaki. Mwingereza huenda akakuta jiwe lenye jina. Huku utaonyeshwa shamba la pamba la mtu mwingine na ua wa minyaa uliosahauliwa kung'olewa.

Anayesaka ukoo huku aanzie kwa shangazi, basi, na aende na muda wa kutosha. Suala la yule ndama litajadiliwa kwanza.