Kurekebisha Kabureta Nyumbani
Nyumba za Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, zimesongamana, na vichochoro vyake ni vyembamba. Mwenye pikipiki atakaye kurekebisha kabureta nyumbani yampasa kuijua kazi hiyo na hatari yake.

Kabureta huchanganya petroli sehemu 1 na hewa sehemu 15 hivi, kwa uzito. Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, imepungua. Kwanza kichungi cha hewa kisafishwe. Injini ikiisha kupata joto, skrubu ya mchanganyiko izungushwe kidogo kidogo, robo mzunguko kila mara, mpaka mngurumo utulie.

Lakini injini isiwashwe kamwe ndani ya nyumba. Moshi wake una gesi ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Heri pikipiki isukumwe mpaka mahali pa wazi.