Kufundisha Kazi ya Wakala Katika Kuficha Anwani ya Seva ya Takwimu

Utangulizi

Katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapakosi kitabu cha wageni. Mgeni afikapo huandika jina lake, mahali atokako, tarehe na shabaha ya ziara yake. Tovuti nazo zina kitabu cha namna hiyo. Tofauti ni kwamba mgeni wa tovuti haandiki mwenyewe; kompyuta humwandikia, na mara nyingi kitabu chenyewe hakioni.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi kitabu hicho kinavyofanya kazi, kwa nini wenye tovuti hutaka kuficha mahali kilipo, na jinsi ya kulifundisha jambo hili kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mwalimu mwanafunzi ataona kuwa jambo lionekanalo gumu laweza kufundishwa kwa bahasha chache na kipande cha chaki. Ataona pia kwamba ndani yake mna swali la maadili lisilofaa kupitwa kimya.

Kitabu cha wageni cha tovuti

Tuchukue mfano wa programu iitwayo Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik na kupewa jina la sasa mwaka 2018. Mtu anaweza kuiweka katika seva yake mwenyewe bila kuinunua, na takwimu zikabaki mikononi mwake. Mwenye tovuti huweka kijiprogramu kifupi katika kila ukurasa. Mgeni aufunguapo ukurasa, kivinjari chake hukisoma kijiprogramu hicho, kisha hutuma ujumbe kwa seva ya takwimu. Ujumbe hutaja ukurasa uliofunguliwa, saa, aina ya kivinjari na ukubwa wa kioo. Aidha, seva huiona anwani ya IP ya mgeni, yaani tarakimu zinazoonyesha ujumbe umetoka wapi katika intaneti.

Ili ujumbe ufike, hapana budi kijiprogramu kitaje anwani ya seva ya takwimu. Hapo ndipo penye tatizo, maana yeyote ajuaye kufungua msimbo wa ukurasa ataisoma anwani hiyo kwa muda wa dakika moja.

Kwa nini anwani ifichwe

Sababu ya kwanza ni usalama. Seva ya takwimu ina mlango wa wasimamizi, na mhalifu akiujua mlango atajaribu kuufungua kwa kubahatisha maneno ya siri. Sababu ya pili ni kwamba seva moja aghalabu huhesabu wageni wa tovuti nyingi. Anwani moja ikionekana katika tovuti kumi, watu watatambua kuwa zina uhusiano. Ipo na sababu ya tatu. Watu wengine huweka katika vivinjari vyao programu za kuzuia ufuatiliaji, nazo huzitambua seva nyingi za takwimu kwa anwani zake. Wapo wenye tovuti wanaoficha anwani ili kuzikwepa programu hizo. Sababu hii tutairudia.

Kazi ya wakala

Proksi, ambayo hapa tutaiita wakala, ni programu inayopokea ujumbe kwa mmoja na kuufikisha kwa mwingine. Kwa Matomo, faili dogo la wakala huwekwa katika seva ya tovuti yenyewe, na kijiprogramu cha ukurasa hutaja anwani ya wakala peke yake. Anwani ya kweli ya seva ya takwimu huandikwa katika faili la mipangilio ambalo wageni hawalioni. Kivinjari humpa wakala ujumbe, wakala huupeleka.

Hata hivyo, kazi haiishii hapo. Seva huona anwani ya yule anayebisha hodi, naye sasa ni wakala. Asipoagizwa vinginevyo, wageni mia wataonekana wote wametoka mahali pamoja. Kwa hiyo wakala hana budi kuambatisha anwani ya mgeni pamoja na ufunguo wa siri, ili seva imwamini. Seva ingemwamini kila mtu, yeyote angeweza kutunga anwani na kuharibu hesabu. Ufunguo huo uwe wa mtumiaji mwenye ruhusa ya kuandika takwimu, wala usiwe wa msimamizi mkuu. Ukivuja, hasara iwe ndogo.

Mwalimu asiwafundishe wanafunzi kuwa wakala ni kinga kamili. Anwani iliyokwisha kujulikana jana haisahauliki leo. Programu za seva zinapaswa kusasishwa, na maneno ya siri yawe imara, kama vile wakala hayupo.

Namna ya kufundisha

Lengo la somo ni mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake wakala hufanya nini, na ni nani anayefichwa asionwe na nani. Zana ni bahasha kuukuu, daftari moja, na kadi nne zenye anwani kuanzia 192.0.2.11 hadi 192.0.2.14. Anwani hizi ni za fungu lililotengwa kwa ajili ya mifano vitabuni, hivyo hazimhusu mtu yeyote.

Hatua ya kwanza: Mwanafunzi mmoja awe Karani na kuketi nyuma ya darasa na daftari, mahali pake pachorwe kwa chaki. Wageni wanne, kila mmoja na kadi yake, wampelekee bahasha zenye anwani zao. Mwalimu aulize, "Nani anajua Karani anakaa wapi?" Wote watanyosha mikono.

Hatua ya pili: Karani ahamie nje ya darasa, na Tarishi asimame mlangoni. Tarishi apokee kila bahasha, aitie ndani ya bahasha mpya na kuandika juu yake anwani yake mwenyewe. Karani aandike anachokiona juu, bila kufungua. Daftari likisomwa, litaonyesha mgeni mmoja aliyefika mara nne. Mwalimu asitoe jibu upesi; awaache wanafunzi watafute kosa.

Hatua ya tatu: Tarishi aandike juu ya bahasha anwani ya mgeni pamoja na neno la siri walilopatana na Karani. Mwanafunzi mwingine ajaribu kupeleka bahasha ya uongo isiyo na neno hilo, na Karani aikatae. Sasa hesabu itakuwa sahihi, na mahali pa Karani patabaki siri.

Swali ambalo hatukuliandaa

Tulipolijaribu somo hili katika darasa la sita, msichana mmoja aliyeigiza mgeni alisimama akauliza, "Mwalimu, Tarishi ananijua na Karani ananijua. Mimi Karani simjui. Nani aliniambia kuwa ninaandikwa?" Katika andalio letu la somo swali hilo halikuwamo. Tulikuwa tumejifunza kumficha Karani, tukamsahau mgeni.

Sheria hazikumsahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinataka mtu aelezwe kusudi la kukusanya taarifa zake. Basi tovuti inayotumia wakala iandike wazi kwamba wageni wanahesabiwa, na kwa nini. Takwimu zikitosha bila anwani kamili, tarakimu za mwisho za anwani ya IP zifutwe. Matomo ina uwezo huo. Na hapa turudie sababu ile ya tatu: aliyeweka programu ya kuzuia ufuatiliaji amekwisha kusema hataki. Kumzunguka kwa mlango wa wakala ni kumwandika mtu kitabuni baada ya kukataa.

Hitimisho

Mwalimu mkuu aweza kukifungia kitabu cha wageni kabatini baada ya kazi, na kutomwonyesha mtu ufunguo ulipo. Huo ni uangalifu. Lakini mchana kitabu hukaa mezani, na kila mgeni anajua kuwa ameandikwa. Wakala naye atumike hivyo: kabati lifichwe, kitabu kisifichwe. Mwanafunzi akitoka darasani na jambo hilo moja, somo litakuwa limefaulu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Karani aliona mgeni mmoja katika hatua ya pili?
2. Taja mambo mawili ambayo wakala hawezi kuyakinga.
3. Andika tangazo fupi, kwa lugha ambayo mzazi ataielewa, la kuwekwa katika tovuti ya shule inayohesabu wageni wake.