KITABU NACHO KINA ISNADI: TUNACHAGUAJE KITABU CHA DINI?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wapendwa, wahyi wa kwanza kumshukia Mtume wetu (S.A.W.) ulianza kwa amri ya kusoma. Lakini tusome nini? Hapa Tunduma vitabu vingi vya dini kwa Kiswahili hutujia kwa barabara kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Vingine asili yake ni Mombasa au Nairobi. Mzazi aliyejibana akapata pesa ya kitabu kimoja hapendi kukosea. Na mtoto akijifunza udhu au swala katika kijitabu chenye makosa, makosa yale huingia katika ibada yake kila siku.

Katika somo la Hadith tunafundishwa kuwa maneno peke yake hayatoshi; huulizwa pia isnadi, yaani nani kapokea kwa nani. Kitabu nacho tukiulize vivyo hivyo.

Mchapishaji ni nani?

Wengi huchanganya mchapishaji na mpiga chapa. Mpiga chapa ana mashine, na huchapa kile alichopelekewa. Mchapishaji ndiye hupokea mswada wa mwandishi, huwapa wajuzi waupitie, husahihisha lugha na irabu za Kiarabu, hugharamia kazi, kisha huweka jina lake juu ya kitabu. Jina hilo ndilo dhamana. Kwa hiyo jalada la kung'aa si dalili ya elimu iliyomo ndani.

Mfano wa tafsiri za Qur'ani

Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa Zanzibar. Mwaka 1953 ikatoka ya jumuiya ya Ahmadiyya. Mwaka 1969 Islamic Foundation ya Nairobi ikatoa kwa ukamilifu tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye alifariki Oman mwaka 1982. Baadaye, mwaka 1995, ikatoka ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani.

Tazama basi: zote ni tafsiri za Qur'ani kwa lugha yetu, lakini watu walioziandika na makusudio yao ni mbalimbali. Msomaji asiyeangalia jina la mwandishi na la mchapishaji hajui amejiweka mikononi mwa nani.

Mambo manne ya kuangalia

1. Mwandishi. Ametajwa jina? Amesoma wapi, kwa masheikh gani?

2. Mchapishaji, mji na mwaka. Hayo huwa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu.

3. Namba ya ISBN. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Baada ya 978, namba za 9976 na 9987 ni za Tanzania, na 9966 ni ya Kenya. Namba hii hutambulisha kitabu tu. Haithibitishi kuwa kilichomo ni sahihi. Vitabu vya zamani huenda visiwe nayo, na hiyo si aibu.

4. Dalili. Je, hadith zimetajwa zimetoka katika kitabu gani?

Fotokopi iliyokosa kurasa za mwanzo ni kama hadith iliyokatwa isnadi. Mpelekee ustadhi aitazame kabla hujaifanyia kazi.

Vitabu tunavyopendekeza

Kwa nyumbani, tafsiri ya Sheikh al-Farsy, Qurani Takatifu, isomwe pamoja na maelezo yake ya chini.

Kwa wanafunzi wakubwa, kitabu chake kingine cha mwaka 1972, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Humo utawajua masheikh waliotuletea elimu, na nani alisoma kwa nani.

Kwa vijana, Uwongozi cha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947). Ni makala alizoziandika katika gazeti lake la Sahifa, lililoanza mwaka 1930, akiwahimiza Waislamu kusoma na kujirekebisha.

Kwa wote, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la mwaka 2013 la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asiyeelewa lugha ya kitabu hawezi kuelewa hoja yake.

Familia isiyoweza kununua ishirikiane na jirani: nyumba hii inunue kimoja, ile kingine, kisha vizunguke. Kitabu kikikaa kabatini hakimfai mtu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, na awalipe kheri walioandika na waliochapisha kwa ajili yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.