Je, Wajua? Mwanamke aliyewatoa wanaume woga

Machi 1922, serikali ya kikoloni mjini Nairobi ilimkamata Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu, kwa kupinga kipande (kitambulisho cha lazima), kodi na kazi za shuruti walizotwishwa wanawake. Tarehe 16 umati ulifurika nje ya kituo cha polisi kudai aachiwe. Viongozi wa waandamanaji walipotaka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake hadi mabegani, tusi zito kwa Wakikuyu, akawataka wanaume wampe suruali zao, wao wavae gauni lake. Umati ukasonga langoni, risasi zikarindima. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21. Mashuhuda walitaja vingi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.