Kujiunga na Bima ya Afya Nje ya Msimu Nchini Marekani

Sheria ya Huduma Nafuu za Afya, ambayo Rais Barack Obama aliitia saini Machi 23, 2010, iliwaondolea watoa bima wa Marekani uwezo wa kumkataa mwombaji kwa sababu ya maradhi aliyo nayo, au kumtoza zaidi kwa sababu hiyo, na tangu 2014 kanuni hiyo ndiyo msingi wa soko la bima ya afya, yaani utaratibu wa serikali unaomwezesha mtu asiye na bima ya kazini kujinunulia bima na, kipato chake kikiruhusu, kupunguziwa mchango wa kila mwezi kwa ruzuku ya kodi. Haki hiyo ina mipaka ya muda. Uandikishaji wa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa mwaka na kufungwa baada ya majuma machache, na aliyekosa nafasi hiyo hulazimika kungoja msimu mwingine, isipokuwa amefikwa na jambo ambalo sheria inalitambua kuwa sababu ya kumfungulia kipindi maalumu cha kujiandikisha.

Kikomo hicho kina chanzo chake katika uchumi wa bima. Mfuko wa bima huendeshwa kwa michango ya wazima inayolipia matibabu ya wagonjwa. Kila mtu akiruhusiwa kusubiri mpaka augue ndipo ajiunge, mfuko utabaki na wagonjwa watupu, michango itapanda, wazima waliosalia watajitoa, na michango itapanda tena. Wachumi huiita hali hiyo uteuzi kinyume, na George Akerlof, katika makala yake mashuhuri ya 1970, aliitumia kueleza kwa nini Wamarekani waliozidi miaka 65 walitaabika kupata bima ya matibabu. Ndiyo maana ugonjwa wenyewe, hata uwe mkali kiasi gani, haumfungulii mtu kipindi maalumu. Kanuni ya shirikisho inakwenda mbali zaidi, kwani hata ujauzito hauhesabiwi ingawa kuzaliwa kwa mtoto kunahesabiwa, hivyo mama asiye na bima anaweza kumaliza miezi yote ya kuhudhuria kliniki bila kinga, kisha akapata haki ya kujiunga siku anapojifungua. Jimbo la New York lilirekebisha kasoro hiyo mwaka 2016 na majimbo mengine kadhaa yakafuata. Ni vigumu kuona hoja ya haki inayoyazuia yaliyobaki.

Matukio yanayokubaliwa ni yale yanayobadilisha kaya, makazi au bima aliyokuwa nayo mtu: ndoa, kuzaliwa au kuasiliwa kwa mtoto, kuhama, kutoka gerezani, kupata uraia, na hasa kupoteza bima, kama inavyotokea mtu anapoachishwa kazi au kijana anapotimiza miaka 26 na kuondolewa katika bima ya wazazi. Kuna masharti yaliyojificha ndani ya orodha hiyo. Anayehama ndani ya nchi hutakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na bima walau siku moja katika siku 60 zilizotangulia, ilhali aliyehamia kutoka nchi nyingine hatakiwi uthibitisho huo, jambo linalozihusu moja kwa moja familia za Waswahili na Wakongo zinazowasili huko. Aliyeiacha bima kwa hiari yake, au aliyefutiwa kwa kutolipa michango, hahesabiwi kuwa ameipoteza.

Muda ndio unaowaponza wengi. Katika soko la bima mtu hupewa kwa kawaida siku 60 tangu tukio, na anayejua kwamba bima yake itakoma anaweza kuanza kuomba siku 60 kabla. Tofauti ni kubwa: mfanyakazi ambaye bima yake inakoma Machi 31, akichagua bima mpya kabla ya siku hiyo, ataanza kukingwa Aprili 1, lakini akichagua Mei 10 atakuwa bado ndani ya muda wake wa kisheria na hata hivyo atakingwa kuanzia Juni 1, kwa sababu bima hiyo huanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata uchaguzi. Mtoto mchanga au aliyeasiliwa hupendelewa, maana bima yake hurudi nyuma hadi siku aliyozaliwa au kuasiliwa. Katika bima za waajiri, sheria ya 1996 inayojulikana kwa kifupi kama HIPAA inamhakikishia mfanyakazi siku 30 tu za kumwandikisha mwenzi au mtoto, na mzazi aliyedhani ana siku 60 hugundua kosa lake wakati dirisha limekwisha kufungwa. Vipindi viwili tofauti kwa tukio moja ni mtego usio wa lazima, na ungefaa kuondolewa.

Aliyepoteza kazi hukabiliwa na uamuzi mwingine. Sheria ya COBRA, ambayo kwa ujumla inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, inamruhusu kubaki katika bima ya mwajiri kwa miezi 18, ila hutozwa hadi asilimia 102 ya gharama yote, pamoja na ile sehemu iliyokuwa ikilipwa na mwajiri. Wengi huikubali, wakalemewa baada ya miezi michache, wakaiacha wakitarajia kuhamia katika soko la bima. Lakini baada ya siku 60 za mwanzo kuisha, kuiacha kwa hiari hakufungui kipindi maalumu, na huwabidi kungoja msimu wa kawaida.

Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo, pamoja na CHIP inayowahudumia watoto, huandikisha mwaka mzima. Mjamzito asiye na bima aanzie hapo. Kwa wengine wote, hesabu ya siku huanza kwenye tukio lenyewe, hata kama barua ya mwajiri itachelewa. Anayeachishwa kazi aulize siku hiyo hiyo tarehe ambayo bima yake itakoma, adai uthibitisho wa maandishi, aombe mkalimani wa Kiswahili anayetolewa bila malipo na kituo cha simu cha soko la bima, na achague bima mpya kabla mwezi haujaisha.